Alfred Nobel na Siri ya Mishipa ya Damu Aliyofariki Bila Kuijua

Kila ifikapo Desemba 10, Tuzo za Nobel hukabidhiwa kwa washindi katika miji ya Stockholm nchini Sweden na Oslo nchini Norway. Wananchi wengi wa Afrika Mashariki wanalifahamu jina hilo kupitia Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata Tuzo ya Amani mwaka 2004, na mwandishi Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyetunukiwa Tuzo ya Fasihi mwaka 2021. Tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Ndiyo siku aliyofariki Alfred Nobel, mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 63.

Jambo lisilofahamika sana ni kwamba nitrogliserini, kemikali iliyompatia Nobel utajiri wake kama kilipuzi, ndiyo pia aliyoandikiwa na madaktari kama dawa ya moyo katika miezi ya mwisho ya maisha yake. Wakati huo hapakuwa na mtu aliyeweza kueleza kwa nini kimiminika kinachopasua miamba kiwe pia kinatuliza maumivu ya kifua. Jibu lilianza kupatikana zaidi ya miaka 80 baadaye, wanasayansi walipobaini kuwa nitrogliserini huachia ndani ya mwili gesi iitwayo naitriki oksidi, na kwamba mwili wa binadamu wenyewe huitengeneza gesi hiyo kila wakati ili kulegeza mishipa ya damu na kuzuia damu isigande mahali isipopaswa kuganda.

Makala haya yanaeleza maisha ya mtu huyo pamoja na safari ya kemikali hiyo kutoka kiwandani hadi hospitalini.

Utoto na elimu

Alfred Nobel alizaliwa Stockholm Oktoba 21, 1833. Baba yake, Immanuel Nobel, alikuwa mhandisi na mvumbuzi, na mama yake aliitwa Andriette Ahlsell. Mwaka huohuo aliozaliwa, baba yake alifilisika. Mwaka 1837 Immanuel aliondoka Sweden kwenda kutafuta maisha Finland na kisha Urusi, huku mama akibaki Stockholm kuwalea watoto katika hali ngumu. Familia iliungana tena mwaka 1842 katika mji wa St. Petersburg, ambako baba alikuwa amefungua karakana iliyotengeneza mitambo na mabomu ya majini kwa ajili ya jeshi la Urusi.

Huko Alfred na kaka zake, Robert na Ludvig, walifundishwa nyumbani na walimu binafsi. Alipofikisha umri wa miaka 17 alikuwa akizimudu lugha tano: Kiswidi, Kirusi, Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani. Alipenda fasihi na kemia kwa pamoja. Baba yake, aliyetaka mwanawe awe mhandisi, alimpeleka nje ya Urusi kujifunza, na mjini Paris alifanya kazi katika maabara ya mkemia Théophile-Jules Pelouze.

Katika maabara hiyo ya Pelouze alikuwa amesoma pia Mtaliano Ascanio Sobrero. Mwaka 1847, akiwa mjini Turin, Sobrero alichanganya gliserini na tindikali kali akapata kimiminika kizito kinacholipuka kwa nguvu kubwa. Hiyo ndiyo nitrogliserini. Sobrero aliionja kidogo tu kwenye ulimi, akapatwa na maumivu makali ya kichwa. Alikiogopa kilipuzi hicho na hakuona namna ya kukitumia kwa usalama. Maumivu yale ya kichwa yalikuwa dalili ya kwanza kuandikwa kwamba kemikali hiyo ina uhusiano na mishipa ya damu, ingawa hakuna aliyeielewa dalili hiyo wakati huo.

Kilipuzi kilichogharimu maisha

Vita vya Crimea vilipomalizika mwaka 1856, jeshi la Urusi lilisitisha kununua bidhaa za Immanuel Nobel, naye akafilisika kwa mara ya pili. Familia ilirejea Sweden kwa awamu, na Alfred akaanza kutafuta njia ya kuitumia nitrogliserini katika kazi za migodi na ujenzi. Tatizo lilikuwa kwamba kimiminika hicho hakikutabirika: wakati mwingine kiligoma kulipuka kilipotakiwa, na wakati mwingine kililipuka kwa kutikiswa tu. Mwaka 1863 alibuni kiwashio kilichotumia mlipuko mdogo kuanzisha mlipuko mkubwa. Ubunifu huo ulikuwa msingi wa kazi zake zote zilizofuata.

Septemba 3, 1864, karakana ya familia hiyo iliyokuwa Heleneborg, Stockholm, ililipuka. Watu kadhaa walipoteza maisha, akiwemo mdogo wake Alfred, Emil, kijana wa miaka 20. Muda mfupi baadaye baba yao alipatwa na kiharusi kilichomdhoofisha hadi alipofariki Septemba 3, 1872, miaka minane kamili tangu siku ya mlipuko.

Mamlaka za jiji zilipiga marufuku majaribio ya nitrogliserini ndani ya mipaka ya Stockholm. Nobel hakuacha kazi hiyo, bali aliihamishia kwenye tishari lililotia nanga katika Ziwa Mälaren, na baadaye akafungua viwanda nchini Sweden na karibu na mji wa Hamburg, Ujerumani. Hata hivyo ajali ziliendelea. Mwaka 1866 shehena za nitrogliserini zililipuka Panama na San Francisco na kuua watu, na kiwanda chake cha Ujerumani nacho kiliharibiwa na mlipuko. Serikali za nchi mbalimbali zilianza kudhibiti usafirishaji wa kemikali hiyo, na mwaka 1869 Bunge la Uingereza lilitunga sheria mahsusi kuihusu.

Nobel alipata ufumbuzi kwa kuichanganya nitrogliserini na udongo laini wenye vinyweleo vingi, utokanao na mabaki ya viumbe wadogo wa majini. Udongo huo ulikinyonya kimiminika, na mchanganyiko ukawa kama unga ulioshikana unaoweza kufinyangwa, kufungashwa na kusafirishwa bila kulipuka ovyo. Aliuita dinamiti, jina litokanalo na neno la Kigiriki lenye maana ya nguvu, na mwaka 1867 akapata hataza. Dinamiti ilirahisisha uchimbaji wa migodi, mifereji na njia za reli, ikiwemo njia ya Gotthard yenye urefu wa takriban kilomita 15 chini ya milima ya Alps. Nobel alijenga viwanda katika nchi nyingi, akahamia Paris mwaka 1873, na hadi mwisho wa maisha yake alikuwa amesajili hataza 355.

Maumivu ya kichwa ya wafanyakazi

Katika viwanda vya dinamiti kulikuwa na malalamiko ya aina moja kila mahali. Wafanyakazi wapya waliugua kichwa kwa nguvu. Baada ya siku chache mwili uliizoea kemikali na maumivu yalipungua, lakini waliporudi kazini Jumatatu baada ya mapumziko, maumivu yalianza upya. Nobel mwenyewe aliyeshinda maabara aliumwa kichwa mara kwa mara.

Leo sababu inafahamika. Nitrogliserini hupenya ngozini na kuingia katika damu, kisha hutanua mishipa, ikiwemo ile ya kichwani. Mishipa inapotanuka ghafla, kichwa huuma na kupwita. Kilichowatesa wafanyakazi hao ndicho kilichokuwa kikitafutwa na madaktari kwa ajili ya wagonjwa wa moyo.

Mwaka 1867, mwaka uleule wa dinamiti, daktari Lauder Brunton wa Uingereza alichapisha matokeo yaliyoonesha kuwa kemikali nyingine ya jamii hiyo, ikivutwa puani, hutuliza maumivu ya kifua yanayotokea misuli ya moyo inapokosa damu ya kutosha. Mwaka 1879 daktari William Murrell wa London alieleza katika jarida la tiba matumizi ya nitrogliserini yenyewe, kwa kiasi kidogo sana kilichopunguzwa nguvu, kwa wagonjwa wa aina hiyo. Dawa hiyo ilienea haraka. Katika maduka ya dawa ilipewa jina la trinitrini, ili wateja wasihofu kwamba wanauziwa kilipuzi.

Kipindi hichohicho, elimu kuhusu damu nayo ilikuwa ikipiga hatua. Mwaka 1882 Giulio Bizzozero, akiwa Turin, mji uleule wa Sobrero, alieleza kazi ya chembe sahani, ambazo ni chembe ndogo kabisa katika damu. Alionesha kuwa mshipa unapojeruhiwa, chembe hizo ndizo za kwanza kushikamana mahali palipojeruhiwa na kuanzisha kuganda kwa damu. Hakuna aliyeweza kudhani wakati huo kwamba nitrogliserini ya Turin na chembe sahani za Turin zingekuja kukutana katika utafiti mmoja karne moja baadaye.

Mfadhili wa sayansi ya tiba

Nobel hakuoa wala hakuwa na mtoto. Aliishi maisha ya safari na kazi, akiandika barua nyingi kwa mkono wake. Miongoni mwa aliowasiliana nao kwa miaka mingi ni Bertha von Suttner wa Austria, mwanaharakati wa amani ambaye mwaka 1905 alipata Tuzo ya Amani.

Upande usioelezwa sana wa maisha yake ni shauku yake kwa sayansi ya tiba. Mwaka 1890 alimwalika mtaalamu kijana wa fiziolojia kutoka Sweden, Jöns Johansson, kufanya majaribio ya kuongeza damu katika maabara yake ya Sevran, karibu na Paris. Alitaka kujua ni kwa njia gani damu inaweza kutolewa kwa kiumbe mmoja na kuingizwa kwa mwingine bila madhara, na kikwazo kimojawapo cha kazi hiyo wakati huo kilikuwa damu kuganda. Aidha, mama yake alipofariki mwaka 1889, Nobel alitoa sehemu ya urithi wake kwa Taasisi ya Karolinska ya Stockholm ili kuanzisha mfuko wa utafiti wa tiba wenye jina la mama huyo.

Mwaka 1891 aliondoka Ufaransa. Alikuwa amevumbua baruti isiyotoa moshi na kuiuzia Italia haki za kuitumia, jambo lililozua mgogoro na mamlaka za Ufaransa. Alihamia San Remo, mji wa pwani nchini Italia, na huko alianza kusumbuliwa zaidi na moyo.

Novemba 27, 1895, akiwa Paris, alitia saini wosia wake wa mwisho. Sehemu kubwa ya mali yake, ambayo jumla yake ilizidi krona milioni 31 za Sweden, aliagiza iwekezwe na faida yake itolewe kila mwaka kama tuzo katika fani tano: fizikia, kemia, fiziolojia au tiba, fasihi na amani. Tuzo ya tiba aliikabidhi kwa Taasisi ya Karolinska.

Dawa aliyoitilia shaka

Katika msimu wa vuli wa mwaka 1896 Nobel aliwaona wataalamu wa moyo mjini Paris. Walimwandikia nitrogliserini. Mwishoni mwa Oktoba alimwandikia msaidizi wake, Ragnar Sohlman, akishangaa kejeli ya majaliwa iliyomfanya anyweshwe kemikali aliyoifanyia kazi maisha yake yote.

Kwa mujibu wa maelezo ya Taasisi ya Karolinska, Nobel aliikataa dawa hiyo. Alijua kwa uzoefu kwamba inaumiza kichwa, na hakuamini kuwa inaweza kuondoa maumivu ya kifua. Si vigumu kumwelewa. Alikuwa ameishuhudia kemikali hiyo ikimuua mdogo wake na kuharibu viwanda vyake, na madaktari wa wakati huo, ingawa walijua kuwa inasaidia, hawakuwa na maelezo ya namna inavyosaidia.

Desemba 10, 1896, Nobel alifariki San Remo kwa kiharusi kilichosababishwa na damu kuvuja kwenye ubongo. Kwa kuwa kifo chake kilitokana na kuvuja kwa damu na si mshipa wa moyo kuziba, haiwezi kusemwa kwamba dawa aliyoikataa ingemwokoa. Kinachoweza kusemwa ni kuwa ingeweza kumpunguzia maumivu.

Baadhi ya ndugu waliupinga wosia wake. Sohlman na msimamizi mwenzake wa mirathi, Rudolf Lilljequist, walifanya kazi kwa zaidi ya miaka mitatu kukusanya mali iliyotawanyika katika nchi nyingi na kufikia maelewano. Taasisi ya Nobel ya kusimamia fedha hizo iliundwa mwaka 1900, na tuzo za kwanza zilitolewa mwaka 1901.

Jibu lapatikana

Kwa miongo mingi madaktari waliendelea kuwapa wagonjwa nitrogliserini bila kujua utendaji wake. Mwaka 1977 mtafiti wa Marekani Ferid Murad alionesha kuwa nitrogliserini na dawa za jamii yake huachia naitriki oksidi, na kwamba gesi hiyo ndiyo inayolegeza misuli ya kuta za mishipa.

Mwaka 1980 Robert Furchgott wa New York alichapisha ugunduzi uliotokana na vipande vya mshipa mkuu wa sungura. Aligundua kwamba kemikali fulani ililegeza mshipa pale tu utando mwembamba wa ndani ulipokuwa mzima. Utando ulipokwanguliwa, mshipa haukulegea. Kwa hiyo utando huo ulikuwa unatoa kitu kinachotuma ujumbe kwenye misuli iliyo nyuma yake, lakini hakuna aliyejua ni kitu gani.

Mwaka 1986 Furchgott na Louis Ignarro wa Los Angeles, kila mmoja kwa utafiti wake, walipendekeza kuwa kitu hicho ni naitriki oksidi. Mwaka uliofuata Salvador Moncada, mzaliwa wa Honduras, na wenzake nchini Uingereza walithibitisha kwa vipimo kwamba chembe za utando huo huitoa gesi hiyo. Wengi walistaajabu, kwa kuwa hadi wakati huo naitriki oksidi ilijulikana zaidi kama uchafu wa hewa utokao kwenye moshi wa magari. Haikuwahi kuonekana kabla ya hapo kwamba gesi inayotengenezwa na chembe moja ya mwili inaweza kubeba ujumbe na kuongoza kazi ya chembe nyingine.

Naitriki oksidi na chembe sahani

Katika mwaka huohuo wa 1987, kundi la Moncada lilionesha jambo la pili lenye uzito mkubwa: naitriki oksidi inayotolewa na utando wa mshipa huzuia chembe sahani zisishikamane na ukuta wa mshipa wala zisigandamane zenyewe kwa zenyewe.

Ili kuelewa umuhimu wake, inafaa kukumbuka kuwa tone dogo la damu lenye ujazo wa milimita moja ya mchemraba huwa na chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 kwa mtu mwenye afya. Chembe hizi hutengenezwa katika uboho wa mifupa na huishi kwa siku zipatazo 10. Zikiwa zimetulia, zina umbo la kisahani laini. Mshipa unapokatika, hubadilika umbo, huchomoza mikono midogo, hunatana, na kuita nyingine zaidi. Nyuzi za protini huzifunga pamoja na kutengeneza bonge linaloziba jeraha. Bila kazi hiyo, mtu angeweza kupoteza damu nyingi kwa jeraha dogo.

Tatizo hujitokeza bonge linapotokea ndani ya mshipa ambao haujakatika. Likiziba mshipa unaolisha moyo, husababisha shambulio la moyo. Likiziba mshipa wa ubongo, husababisha kiharusi cha aina ya kuziba.

Hapo ndipo naitriki oksidi inapofanya kazi yake. Utando wa ndani wa mshipa huitengeneza kutokana na arjinini, kirutubisho kimojawapo cha protini. Damu inapopita na kuusugua utando huo, uzalishaji huongezeka. Gesi hupenya upande mmoja hadi kwenye misuli ya mshipa na kuilegeza, na upande wa pili huingia kwenye chembe sahani zinazopita. Ndani ya chembe sahani huamsha kimeng'enya kinachotoa kemikali ya kubeba ujumbe, nayo hushusha kiwango cha kalisi. Chembe sahani huhitaji kalisi ili kubadilika umbo na kunata, hivyo kalisi inapokuwa chini, chembe hubaki laini na kupita bila kushika. Kazi hiyo husaidiwa na kemikali nyingine ya utando huohuo iitwayo prostasaiklini, na zote mbili zikiwa pamoja hufanya kazi kwa nguvu zaidi kuliko kila moja peke yake.

Kinga hiyo ni ya muda mfupi na ya mahali palepale. Himoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake, huinasa naitriki oksidi na kuiharibu ndani ya sekunde chache. Matokeo yake, gesi hulinda karibu na utando mzima tu. Pale mshipa ulipochanika, utando haupo, gesi haipo, na chembe sahani ziko huru kuziba jeraha. Kwa utaratibu huo mwili hufanikiwa kuacha damu itiririke mahali pazima na kuigandisha mahali palipoumia.

Utando ukiharibika bila kuchanika, mizani hiyo hupotea. Uvutaji wa sigara, shinikizo la juu la damu, kisukari kisichodhibitiwa na lehemu nyingi katika damu huudhoofisha utando na kupunguza naitriki oksidi inayopatikana. Mishipa hukaza, chembe sahani huanza kunata, na hatari ya bonge la damu huongezeka.

Tuzo yarudi kwa nitrogliserini

Oktoba 12, 1998, Taasisi ya Karolinska ilitangaza kuwa Furchgott, Ignarro na Murad wameshinda Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba kwa ugunduzi wao kuhusu naitriki oksidi. Kukosekana kwa jina la Moncada kulizua mjadala miongoni mwa wanasayansi, kwa kuwa kanuni za tuzo haziruhusu washindi zaidi ya watatu. Walikabidhiwa tuzo Desemba 10 ya mwaka huo, miaka 102 tangu Nobel alipofariki, kwa fedha zilizotokana na viwanda vya nitrogliserini.

Matunda ya ugunduzi huo yameonekana katika tiba. Naitriki oksidi ya kuvutwa kama hewa hutumika kuwasaidia watoto wachanga wenye shinikizo kubwa katika mishipa ya mapafu, na dawa mpya zinazofuata njia hiyo ya ujumbe zimetengenezwa. Nitrogliserini yenyewe bado ni miongoni mwa dawa za kutuliza maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Kiasi kilichomo katika kidonge ni kidogo mno na hakiwezi kulipuka.

Kwa faida ya msomaji, yapo mambo ya kuzingatia. Kwanza, nitrogliserini hutuliza maumivu hasa kwa kutanua mishipa na kuupunguzia moyo mzigo. Haichukui nafasi ya dawa za kuzuia damu kuganda, na mgonjwa aliyeandikiwa zote mbili asiache mojawapo bila ushauri wa daktari. Pili, haipaswi kutumiwa na mtu aliyemeza dawa za nguvu za kiume kama sildenafili, kwa kuwa zote hufuata njia ileile ya ujumbe na kwa pamoja zinaweza kushusha shinikizo la damu hadi kuhatarisha maisha. Tatu, dawa hiyo huweza kusababisha kizunguzungu, hivyo mgonjwa aitumie akiwa ameketi, na asimpe mtu mwingine. Nne, maumivu ya kifua yanayobana, yanayosambaa mkononi au tayani, au yanayoambatana na jasho na kukosa pumzi, pamoja na ulegevu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili au kushindwa kuzungumza, ni dharura inayohitaji kufikishwa hospitali mara moja.

Nobel alikuwa na sababu ya kuitilia shaka dawa yake, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumweleza. Mgonjwa wa leo anaye. Anapoandikiwa dawa asiyoielewa, au inayomletea maudhi kama kuumwa kichwa, ana haki ya kumuuliza daktari au mfamasia inavyofanya kazi na kupewa maelezo kabla ya kuamua kuiacha.